Eve's Bayou (1997): baba alifanya au hakufanya? Tuijadili (nasimulia mpaka mwisho)

#1 Chemchem (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa filamu za Kusini mwa Marekani kuna mtu aliitaja Eve's Bayou kwa mstari mmoja tu, "ile ya Samuel L. Jackson akiwa daktari," kisha mjadala ukapita. Haistahili mstari mmoja. Naifungulia uzi wake, na nitasimulia kila kitu hadi mwisho, kwa hiyo ambaye hajaitazama aamue sasa kama anaendelea kusoma.

Kwa wageni: ilitoka Novemba 1997. Mwandishi na mwongozaji ni Kasi Lemmons, na ndiyo filamu ndefu ya kwanza aliyoiongoza. Kabla ya hapo watu walimjua kama mwigizaji. Ndiye yule rafiki wa Jodie Foster kwenye chuo cha FBI katika The Silence of the Lambs. Hadithi iko Louisiana mwaka 1962, katika familia ya Batiste, Wakrioli weusi wenye nafasi (yaani watu wa Louisiana wenye damu ya Kiafrika na Kifaransa), wanaokaa nyumba kubwa kando ya maji yaliyotuama, ndiyo bayou yenyewe, miti imefunikwa na mimea ya kijivu inayoning'inia hadi chini. Baba ni Louis, daktari, mtu wa tabasamu, mji mzima unampenda. Mama ni Roz, ameigizwa na Lynn Whitfield. Watoto ni watatu: Cisely mwenye miaka 14, Eve mwenye miaka 10 na Poe mwenye miaka 9. Halafu yuko shangazi Mozelle, dada yake Louis, ambaye akimshika mtu mkono huona mambo yake, na ambaye amezika waume watatu.

Sauti ya Eve akiwa mtu mzima ndiyo inayofungua filamu. Inasema kwamba kiangazi kile alichomuua baba yake, alikuwa na miaka kumi. Basi hapo mtazamaji unakaa vizuri, unasubiri mauaji. Lakini kinachokuja kwanza ni sherehe, watu wamevaa, muziki unapigwa, na Eve ana wivu kwa sababu baba amecheza na Cisely na hakucheza naye. Anakwenda kujificha bandani, usingizi unamchukua. Anapoamka anamwona baba yake na Matty Mereaux, mke wa mtu, na anajua alichokiona.

Usiku huohuo anamweleza dada yake. Cisely anampenda baba kupita kiasi, hivyo anamkalisha chini na kumsimulia upya: hukuona vizuri, ulikuwa na usingizi, walikuwa wanacheka tu. Na hapo Lemmons anatuonyesha tukio lilelile kwa mara ya pili, safari hii kama Cisely anavyotaka liwe. Linapendeza na linaaminika. Eve anakubali kwa nusu.

Sasa hoja yangu. Filamu ikiisha, karibu kila mtu anabaki na swali moja: usiku ule wa dhoruba, baba akiwa amelewa na Cisely ameshuka kumliwaza, Louis alimvunjia binti yake heshima, au Cisely ndiye aliyembusu baba kwa namna isiyofaa akapigwa kofi? Cisely anasema la kwanza. Barua ya Louis, ambayo Eve anaikuta baada ya mazishi, inasema la pili. Mimi nasema swali hilo haliwezi kujibiwa bila kurudi kwenye usiku wa sherehe, kwa sababu usiku ule ndipo tulipoonyeshwa kwamba Cisely ana uwezo wa kuigeuza kumbukumbu kwa ajili ya mapenzi, na ndipo Eve alipofundishwa kutoamini macho yake. Mara ya pili dada anapomwambia jambo, Eve hahoji hata kidogo. Anakwenda moja kwa moja kwa mganga kutaka baba afe, na njiani anampenyezea maneno mume wa Matty.

Kwangu mimi dhambi ya nyumba ile ilianzia pale, mtoto alipoambiwa hakuona alichokiona. Risasi ilikuja baadaye. Karibuni.

#2 Mti Mkavu

Mleta uzi, umeandika vizuri ila sikubaliani na wewe. Louis alifanya.

Angalia mtu mwenyewe. Filamu nzima anadanganya, na anadanganya kwa ustadi. Anamdanganya mkewe, anawadanganya wagonjwa wake wa kike, na Eve alipomkuta bandani alimtuliza kwa maneno matamu mpaka mtoto akaduwaa. Halafu mtu huyohuyo anaandika barua ya kujitetea kwa dada yake, na sisi tuichukue kama ushahidi? Barua ya mtuhumiwa ni utetezi wake, basi.

Na mwongozaji amemchagua Samuel L. Jackson makusudi. Mwaka 1997 alikuwa kileleni, na ni mmoja wa watayarishaji wa filamu hii. Angemweka mtu asiye na mvuto, wote tungemhukumu dakika ileile. Tunasitasita kwa sababu tunampenda, na hivyo ndivyo mji ule nao ulivyofanya.

#3 Mama Mlezi

Nimekuwa msomaji tu humu ila uzi huu umenilazimisha kuandika. Nimefanya kazi na watoto waliopitia mambo haya. Nawaomba ndugu zangu tuwe waangalifu sana na hoja kwamba mtoto aliyewahi kubadilisha hadithi moja basi neno lake lina walakini. Hoja hiyo nimeisikia kwa wazee wa familia, nimeisikia kwa majirani, na kila mara inamwacha mtoto peke yake.

Mtazameni Cisely baada ya usiku ule wa dhoruba. Anajifungia, hataki kuguswa, anamkwepa baba ambaye juzi tu alikuwa anamsubiri mlangoni. Kwenye nyumba yenye daktari, mama, bibi na shangazi mwenye kuona yaliyofichika, hakuna mtu mzima aliyeketi naye akamsikiliza mpaka akamaliza. Siri ile akaishia kumpa mtoto wa miaka kumi, kwa sababu ndiye pekee aliyeona anaweza kuibeba. Hiyo ndiyo picha halisi ya mambo haya, nasema kwa uchungu.

#4 Chemchem

Dada Mama Mlezi, asante kwa kuandika, na nimekuelewa. Sijasema Cisely ni mwongo. Naamini alipomwambia Eve alikuwa anaamini kila neno lake. Ninachosema ni kwamba Lemmons ametunyima hukumu kwa makusudi, na kunyimwa huko kuna maana. Mwishoni Eve anapomwendea na barua mkononi na kutaka kujua ukweli, Cisely analia na kusema hajui kilichotokea. Si kwamba anakataa kusema. Hajui. Nimeliona kama jambo zito kuliko majibu yote mawili.

#5 Kamera Mbili

Naomba niingie kwa upande wa picha, maana nadhani jibu la mleta uzi limo humo.

Mpiga picha wa filamu hii ni Amy Vincent, na mhariri ni Terilyn Shropshire. Fuatilieni walivyotenganisha mambo mawili: kumbukumbu na maono. Mozelle anapomshika mteja mkono, maono yanakuja kwa rangi nyeusi na nyeupe, vipande vipande, harakaharaka, uso hapa, gurudumu pale, maji. Kumbukumbu ya binadamu wa kawaida inakuja laini, imepangika, ina mwanzo na mwisho. Yaani kwenye filamu hii kadiri simulizi linavyokaa vizuri ndivyo unavyopaswa kulishuku.

Maono ya Mozelle hayakosei hata mara moja, lakini hayajawahi kukamilika. Aliona mtoto akigongwa na basi. Hakuona ni mtoto wa nani. Roz akawafungia wanawe ndani siku baada ya siku kwenye joto lile, nyumba ikageuka tanuri, watu wakaanza kugombana, na huko nje aliyegongwa akawa mtoto wa jirani. Ono lilikuwa la kweli, tafsiri ndiyo iliyoharibu. Dhoruba ile ya usiku wa Louis na Cisely inakuja kwenye nyumba ambayo tayari imeshavurugwa na hofu hiyo.

Na kuna tukio ambalo nikifundisha vijana wanaoanza kushika kamera ndilo ninaloanza nalo. Mozelle anamsimulia Eve jinsi mume wake mmoja alivyokufa. Mozelle alikuwa na hawara, hawara akaja nyumbani na bastola kumtaka aondoke naye, mume akasimama mbele yake bila kutetereka, na hapo ndipo Mozelle alipotambua anampenda mumewe. Akaenda kusimama upande wake. Hawara akafyatua. Wakati anasimulia, amesimama mbele ya kioo, na watu wa zamani wanatokea ndani ya kioo hicho, kisha yeye mwenyewe anaingia kati yao, bila picha kukatwa kwenda mahali pengine. Chumba kimoja, zamani na sasa pamoja.

Sasa linganisheni na kifo cha Louis. Mume mwenye bastola, mwanamke katikati, mtu anayeamua kutorudi nyuma. Eve alikuwa ameshasimuliwa kifo cha baba yake kabla hakijatokea, ila wahusika walikuwa wengine.

#6 Jirani wa Kona

Mimi nitasema ambacho hakijasemwa. Filamu ni nzuri kwa macho, muziki wa Terence Blanchard unakaa kifuani, waigizaji wote wako juu. Lakini nilimaliza nikiwa na manung'uniko.

Ni Louisiana, mwaka 1962. Miaka miwili nyuma, Novemba 1960, mtoto Ruby Bridges wa miaka sita alisindikizwa na maafisa wa serikali kuu kuingia shule mjini New Orleans huku umati wa wazungu ukimzomea. Sheria ya haki za kiraia ilikuwa bado, ilikuja 1964. Na humu ndani hatuoni mzungu hata mmoja. Hakuna kibao cha kuwatenga weusi, hakuna polisi, hakuna woga wa barabarani usiku. Daktari mweusi anaendesha gari kwenda kwa wagonjwa wake saa yoyote anayotaka. Nimejiuliza kama huku si kuikwepa historia kwa ajili ya kupata picha nzuri.

#7 Mfinyanzi

Ndugu Jirani, manung'uniko yako yana haki, naomba nikujibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu mimi naona historia imo humo ndani, tena imewekwa mahali pa kwanza kabisa.

Kumbuka sauti ya mwanzo inavyoeleza jina la mahali. Eve wa kwanza alikuwa mtumwa. Jenerali Jean-Paul Batiste aliugua kipindupindu, Eve akamtibu kwa dawa zake, akapona. Akamwacha huru na kumpa ardhi ile. Kisha msimulizi anasema, labda kwa shukrani, Eve alimzalia watoto kumi na sita, na familia hii ni kizazi chao. Zingatia lile "labda". Mwanamke aliyekuwa mali ya mtu, amezaa na mtu huyo watoto kumi na sita, na wajukuu wake hawajui kama alipenda, alilipa deni, au hakuwa na namna. Hakuna barua wala shahidi. Ukoo mzima umesimama juu ya swali lilelile ambalo leo tunamuuliza Cisely.

Kwa hiyo mzungu yumo. Yumo kwenye jina, kwenye ardhi, kwenye rangi za ngozi zao na Kifaransa kile wanachochanganya kwenye mazungumzo.

Na mambo kama hayo yalitokea kweli Louisiana. Marie Thérèse Coincoin alizaliwa utumwani mwaka 1742 huko Natchitoches. Mfaransa Claude Thomas Pierre Metoyer alizaa naye watoto kumi, akamwacha huru mwaka 1778, na baadaye akampa kipande cha ardhi. Coincoin alilima, akafuga, akawanunua na kuwakomboa wanawe wengine mmoja mmoja, na kizazi chake kikawa jamii kubwa ya Wakrioli wenye mashamba kando ya mto Cane. Wao nao walimiliki watumwa, jambo ambalo wazao wao wanaishi nalo mpaka leo. Familia za namna ya kina Batiste hazikuokotwa hewani.

Kuhusu uganga: mwaka 1809 New Orleans ilipokea wakimbizi zaidi ya 9,000 waliokuwa wamekimbia mapinduzi ya Haiti na kukaa Cuba kwanza. Weupe, weusi huru na watumwa, karibu theluthi kwa theluthi. Mji uliongezeka mara mbili kwa ghafla, na imani zao zikachanganyika na za watu wa Kongo na Senegambia waliokuwapo tangu zamani. Kwa hiyo Mozelle kuwa na msalaba ukutani na mizizi mezani ni maisha ya kawaida ya watu wale.

Tena naona ni ujasiri kuwaacha weusi wa 1962 wawe na matatizo ya ndani ya nyumba yao wenyewe, wivu, michepuko, ndoa mbovu, bila kuhitaji adui wa nje ili hadithi isogee.

#8 Jirani wa Kona

Lile "labda" nililipita kabisa, Mfinyanzi. Umenipa sababu ya kuirudia. Bado ningependa kuona barabara usiku, lakini nimekuelewa.

#9 Bint Kisiwani

Assalaam alaykum nyote. Mie nimekaa nasubiri mtu amtaje Mozelle kwa kituo, naona kamera tu ndiyo imesifiwa.

Debbi Morgan, aliyemwigiza Mozelle, ndiye roho ya filamu hii. Alipata tuzo ya Independent Spirit ya mwigizaji msaidizi, na Lemmons mwenyewe akapata ya filamu ya kwanza. Academy, wale wa tuzo za Oscar, haikuipa filamu hii uteuzi hata mmoja, na sijaona sababu ya maana. Mhakiki wa filamu Roger Ebert aliiweka namba moja katika filamu zake za mwaka ule wa 1997.

Huku kwetu pwani tunajua tofauti ya mwenye kuona na mwenye kulipwa adhuru. Mozelle anaona na anaumia, hana raha na anachokiona, na kwa mambo yake mwenyewe haoni kitu. Yule mganga wa sokoni, Elzora, uso kapaka weupe, yeye ni wa biashara. Ndiye Diahann Carroll! Mwanamke aliyezoeleka kwa mavazi ya fahari na vito, aliyechukua tuzo ya Tony mwaka huohuo wa 1962 ambao hadithi inatokea, wa kwanza mweusi kuipata kama mwigizaji mkuu wa kike kwenye tamthilia ya nyimbo. Hapa kajisahaulisha uzuri wote. Mara ya kwanza sikumtambua wallahi.

Sasa tazameni Eve anapokwenda kwake. Mtoto kadhani atapewa kisanamu cha kuchoma sindano. Anatoa pesa, anarudi kutaka kisanamu chake, Elzora anamwambia kazi imekwisha fanyika. Hapo mtoto anashtuka, kumbe alikuwa anataka kitu cha kushika, kitu ambacho angeweza kukitupa akighairi. Akakimbia kwenda kumtafuta baba baa amrudishe nyumbani.

Lakini mie nauliza, nani alimuua Louis? Mizizi ya Elzora, au yale maneno ya Eve kwa Lenny Mereaux kuhusu mkewe? Lenny alimwonya Louis asimsemeshe tena Matty. Louis akageuka akamtakia Matty usiku mwema. Akapigwa risasi mbele ya mwanawe, treni inapita. Kiburi chake ndicho kilichomuua, na ulimi wa mtoto ulifungua njia. Uganga sijaona ulipoingia.

#10 Chemchem

Bint Kisiwani, umegusa jambo ambalo nilitaka kulileta. Sauti ya mwanzo inasema kiangazi kile alichomuua baba. Sauti ya mwisho inarudia maneno yaleyale, umri uleule, Poe miaka tisa, Cisely ametimiza kumi na nne, ila badala ya "alichomuua" imeweka "kiangazi kile baba yangu alipoaga usiku mwema".

Yaani kati ya sentensi mbili hizo Eve amejisamehe. Na anatumia maneno ya mwisho ya baba yake, ambayo hayakuwa yake hata, alikuwa anaambiwa mwanamke wa mtu mwingine. Kaichukua kwaheri ya Matty akaifanya yake. Kila mara nikifika hapo najiuliza kama huo ni uponyaji au ni ule ufundi wa Cisely wa kupanga kumbukumbu upya, ambao sasa mdogo mtu naye ameshaujua. Nadhani ni vyote viwili, na sioni ubaya.

#11 Nyota ya Ziwa

Habari zenu. Niko Atlanta, nyumbani Kisumu. Nimeona hakuna aliyetaja kwamba kuna matoleo mawili, na hilo linabadilisha mjadala.

Toleo la mwongozaji lina mtu ambaye ninyi nyote hamjamwona: Uncle Tommy. Ni ndugu wa familia, anakaa kwenye kiti cha magurudumu na hawezi kusema. Yuko nyumbani muda wote, na usiku ule wa dhoruba alikuwepo, aliona. Waliokuwa na pesa walitaka aondolewe kabla filamu haijaenda sinemani, Lemmons akamtoa. Mtu wa ukoo akakatwa akatoka kwenye kila tukio. Mwaka 2022 kampuni ya Criterion walitoa diski yenye matoleo yote mawili, ndiyo mimi nikaiona.

Sasa fikirieni. Ukimweka Tommy, ukweli upo, uko ndani ya kichwa cha mtu aliyeketi pale sebuleni, ila hana njia ya kuutoa. Ukimtoa, ukweli haupo kwa mtu yeyote isipokuwa wale wawili, mmoja amekufa na mwingine hajui. Hizo ni filamu mbili tofauti. Ya kwanza ni juu ya ukimya. Ya pili ni juu ya kutojua.

Mimi napenda yenye Tommy. Nimekulia kwenye boma ambalo kila mtu alijua jambo na hakuna aliyelisema, na ule uso wake umenisema.

Kwa Bint Kisiwani: ni kweli kwamba Academy iliwapita, lakini mwaka 2018 iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Na Lemmons na Blanchard hawakuachana. Lemmons ndiye aliyeandika maneno ya opera ya Blanchard iliyofungua msimu wa Metropolitan Opera New York mwaka 2021, ya kwanza ya mtunzi mweusi kuchezwa pale.

#12 Mti Mkavu

Hili la Tommy limeninyima usingizi, Nyota. Kama kuna shahidi na mwongozaji aliona ni muhimu awepo, basi kwa mawazo yake ya awali kulikuwa na kitu cha kushuhudiwa.

#13 Nyota ya Ziwa

Kulikuwa na kitu katika maelezo yote mawili, ndugu yangu. Kofi pia linashuhudiwa. Tommy hatoi hukumu, usimtafute huko.

#14 Mama Mlezi

Nimesoma yote, na nashukuru kwa heshima mliyoiweka humu. Naomba nirudi kwa mara moja.

Nimekubali kwamba filamu haitoi jibu. Ila naomba tuseme jambo moja waziwazi, kwa sababu humu wanapita vijana wengi wanaosoma bila kuandika. Hata tukichukua barua ya Louis neno kwa neno, bado yeye ndiye mtu mzima. Yeye ndiye aliyerudi usiku wa manane amelewa, baada ya ugomvi na mkewe, akamwacha binti wa miaka 14 awe ndiye mliwazaji wake. Binti ambaye kwa miezi alikuwa anamsubiri usiku, anamtetea kwa mama yake, anamfunika aibu zake hata kwa mdogo wake. Mtoto alishapewa nafasi isiyo yake kabla ya busu lolote. Kofi lile, kwa maelezo ya baba mwenyewe, lilikuwa la kumwadhibu mtoto kwa mchezo ambao mtu mzima aliuacha uendelee.

Kwa hiyo nikiulizwa alifanya au hakufanya, najibu kwamba alikosa kwa vyovyote. Kilichobaki ni ukubwa wa kosa.

#15 Chemchem

Dada, hapo sina la kuongeza upande wa Louis. Na inaniimarishia jambo la usiku wa sherehe: Cisely alikuwa anafanya kazi ya kumlinda baba tangu siku ile. Nani alimpa kazi hiyo?

Nyota, mimi baada ya kusoma maelezo yako bado nashikilia toleo la 1997 lisilo na Tommy. Najua lilitokana na shinikizo la watu wa pesa, na simtetei aliyeshinikiza. Lakini wale mabinti wawili wakibaki peke yao mwishoni, bila mtu mwingine anayejua, wanalazimika kuchagua wenyewe namna ya kuishi. Eve anaizamisha barua majini. Kama Tommy angekuwa bado yuko sebuleni na ukweli wake, kuizamisha ile barua kungekuwa kuficha. Bila yeye, ni kuamua.

#16 Kamera Mbili

Chemchem na Nyota, nawasoma na naona wote mnasema kweli. Nimwongezee Mti Mkavu jambo la kazi yetu: ukitazama toleo la sinemani ukijua kuna mtu aliondolewa, utaona sehemu ambapo uhariri unakwenda haraka isivyo kawaida kwa Shropshire. Kumtoa mtu mmoja kutoka nyumba yenye watu wengi kiasi kile bila kuacha pengo ni kazi ngumu mno, na ameifanya kwa namna kwamba miaka 25 watu wengi hawakujua.

#17 Bint Kisiwani

Na mie nimalizie na Roz, kwa sababu kurasa hizi zote jina lake limetajwa mara chache kama vile alikuwa mgeni nyumbani kwake.

Kuna mazungumzo yake na wifi yake Mozelle, wanatembea sokoni. Roz anaeleza alivyompenda Louis: alimwona daktari kijana anayeponya watu, akadhani amempata mtu wa kumtengenezea kila kilichoharibika. Akahama kwao kumfuata, akaja kugundua ni mwanamume tu. Lynn Whitfield anasema maneno yale bila kupandisha sauti. Huyu mama anajua. Anajua habari za Matty, anajua habari za wagonjwa wa mchana. Anajua na amepanga meza, amevaa vizuri, amekaribisha wageni. Na wageni wanajua, na Matty mwenyewe yumo kwenye sherehe anachezacheza na mume wa mwenye nyumba mbele ya watu.

Chemchem umeuliza nani alimpa Cisely kazi ya kumlinda baba. Hiyo hapo. Alimwona mama yake akiifanya kila siku. Tofauti yao ni kwamba mama alikuwa anamlinda mume kwa ajili ya nyumba isianguke, na binti akaipokea kazi ileile kwa moyo wa kitoto, kwa mapenzi. Halafu Roz naye alipoambiwa mtoto atagongwa na basi, hofu yote aliyoinyamazia miaka na miaka akaimwaga pale, akawafungia watoto wasitoke. Basi la barabarani aliweza kulifungia mlango. La ndani alishindwa hata kulitaja.

Ndiyo maana mie kwenye hii filamu namtazama Roz. Nyote mnaokwenda kuirudia, Jirani wa Kona nawe, mtazameni anapokuwa nyuma ya watu wengine, wakati kamera iko kwa Louis. Hasa kwenye ile sherehe ya mwanzo, mume anapocheza na Matty na yeye anawatazama wageni wakiwatazama.